Banda la Mama na Maji ya Jirani

Banda la makuti la uani kwetu alilijenga marehemu baba, mwaka aliostaafu kazi. Nyumba yenyewe ni ile ya kizamani ya Kariakoo, vyumba sita na ukumbi katikati, na vyumba vyake vina joto la kukosesha pumzi. Kwa hiyo mama alihamia bandani: alikula humo, akasali humo, akapokea wageni humo. Niliporudi kuishi naye baada ya ndoa yangu kuvunjika, kazi ya kulitunza banda ikaniangukia mimi. Kila masika yalipokaribia nilimwita fundi wa kuezeka kutoka Kigamboni. Alivuka na mizigo yake ya makuti, akatoa yaliyochakaa, akachomeka mapya, na habari ya paa tukaisahau hadi mwaka mwingine.

Kisha jirani wa mkono wa kushoto akauza nyumba, pakapanda ghorofa. Ukuta wake ulisimama karibu kabisa na ua wetu, na ukutani vikafungwa viyoyozi, kila orofa safu yake. Vilipowashwa, maji yakaanza kudondokea makuti yetu. Tone, tone, kutwa nzima, hata Januari yenye jua la kupasua kichwa.

Kwanza paa likawa jeusi upande ule. Halafu likaota uyoga. Halafu nikabonyeza fito kwa kidole, zikabonyea kama muhogo uliochemka.

Nikaenda kwenye jengo. Mlinzi alinipokea kwa adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Namtafuta mwenye jengo."

"Mwenyewe hayupo nchini, mama. Humu kila mtu na fremu yake ya duka."

Nikapanda ngazi. Mwenye duka la mapazia alichungulia dirishani, akasema maji yale si yake, ni ya wa juu. Wa juu, muuza vipuri vya simu, akanionyesha mpira aliofunga kuyaelekeza kwingine. Mpira ulikuwepo kweli, ila ncha yake ilining'inia juu ya banda letu.

"Nitamwambia fundi, mama angu. Usijali."

Nilirudi mara nyingi, na kila mara fundi alikuwa ameshaambiwa. Nikaenda serikali ya mtaa. Mjumbe alikuja, akatazama juu, akafuta tone lililomwangukia usoni, akasema, "Poleni sana," akaondoka.

Wakati huo mama naye alikuwa ameanza kusahau. Akisikia matone alidhani ni mvua.

"We mwanangu, anua nguo, mvua hiyo!"

"Mama, si mvua. Ni maji ya majirani."

"Nguo za baba yako zitalowa."

Alinitazama kama mwanamke asiyejua kutunza nyumba. Siku moja nikaacha kubishana. Nilikwenda kwenye kamba, nikaanua nguo zilizokauka kau, nikamwekea mapajani. Akazikunja moja moja, ametulia. Mimi nikaingia jikoni nikalia.

Fundi wa makuti alikuja tena mwaka ule, akaezeka upande wote ulioharibika. Masika hayajaisha, makuti yale mapya yakawa yameoza. Nilimwita, akapanda ngazi, akashuka upesi.

"Dada, sikudanganyi. Mvua hunyesha ikaacha, jua likaanika. Haya maji hayaachi. Na boriti imeshaliwa. Ikimwangukia bi mkubwa je?"

Nikamwambia aezue.

Mama alikaa mlangoni mwa jiko, akitazama makuti yakitupwa chini.

"Mnaezeka upya?"

"Ndiyo, mama."

"Basi mwambieni baba yenu asipande mwenyewe. Mgongo unamsumbua."

Fundi alisimamisha mkono, akanitazama.

"Tutamwambia," nikasema.

Sasa pale pana mabati, juu ya boriti mpya na nguzo zilezile. Matone yanapiga kwa kelele kuliko zamani, na jua likipanda, bati linawaka hadi huwezi kukaa chini yake. Inabidi nimhamishie mama chumbani. Hataki. Hushika nguzo kwa mikono miwili, akisema hapa ndipo kwake. Nami namfungua vidole kimoja kimoja, taratibu nisimuumize, huku namwambia twende ndani mama, twende.