Kitambaa Juu ya Kompyuta

Jumamosi ya pili ya Juni, dada wa marehemu mume wangu alinitembelea hapa Temeke, nami nikamkaribisha chai ya tangawizi. Kasha la kompyuta lilikuwa kando ya kochi, limefunikwa kitambaa nilichokifuma mwenyewe, kama nilivyofunika redio na televisheni. Akadhani ni stuli, akaweka kikombe juu yake, kisha akakipiga kumbo kwa kiwiko. Chai ikapenya kwenye matundu ya kasha, na kompyuta ikazimika.

Nilichomoa waya ukutani. Ndani mlikuwa na insha yangu ya mwisho ya masomo ya watu wazima, niliyopaswa kuiwasilisha Jumatatu, na nakala nyingine sikuwa nayo.

"Si uiwashe tuone, wifi?"

"Ikiwashwa imelowa itaungua. Iache ikauke."

"Na wewe nawe, nani anaivisha kompyuta kama bi harusi?"

Nilichukua kalamu nikaanza insha upya, kwa kukumbuka. Yeye alikifua kitambaa, akakianika, na kabla hakijakauka vizuri akakitandaza tena juu ya kasha.