Kitabu cha Bure Kuhusu Mlango wa Kapata

Kitabu cha mwenzangu wa chuo kilikuwa hakijamaliza wiki mtandaoni nilipokikuta nje ya kanisa letu, mtaa wa Manika hapa Kolwezi, mkononi mwa mama mmoja wa kwaya. Misa ilikuwa imetoka punde. Alikuwa bado amevaa joho, ameikinga simu yake na jua kwa kiganja.

"Dada, huyu si njo tata yako?"

Jina la baba halikuwapo. Mwenzangu aliyaondoa majina yote, kama tulivyofundishwa chuoni. Lakini fundi umeme wa kampuni ya madini, mtoto wa wazazi wa Kasai, aliyefukuzwa mtaa wa Kapata Wakasai walipofukuzwa mwanzoni mwa miaka ya tisini akaondoka na mlango wa mbele wa nyumba yake, hakuhitaji jina katika parokia yetu. Nilikubali kwamba ni yeye. Sikumwambia kuwa habari za mlango huo nilikuwa nazisikia kwa mara ya kwanza.

"Na kitabu ni ya bure kabisa," alisema. "Bwana yangu anasema pengine ilikosa wanunuzi, njo maana banagawa."

Nilicheka pamoja naye, huku nikimwonea mwenzangu wivu.

Inanibidi nieleze kwamba bure ile ilikuwa hoja yangu. Tulipokuwa wanafunzi wa historia kule Lubumbashi, mimi ndiye niliyesimama darasani kusema kuwa kitabu cha utafiti kuhusu Kolwezi ambacho mtu wa Kolwezi hawezi kukifungua ni shehena nyingine tu, inayochimbwa hapa na kuvuka mpaka kama ile ya mgodi wa Mashamba. Mimi ndiye niliyewaeleza wenzangu maana ya leseni huria: mwandishi hubaki na jina lake, lakini kila mtu anaruhusiwa kukipakua kitabu, kukinakili, kukitafsiri, bila kuomba wala kulipa. Mwenzangu alikaa nyuma, akaandika. Miaka michache baadaye sote wawili tulipeleka miswada kwenye nyumba moja ndogo ya uchapishaji inayotoa vitabu vya kitaaluma kwa njia hiyo, baada ya kusomwa na wahakiki wasioambiwa mwandishi ni nani. Wake ulipita. Wangu ulirudishwa. Wahakiki walisifu maelezo yangu ya jinsi kampuni ilivyoanguka, mishahara ilivyokoma, hospitali ilivyobaki na vitanda visivyo na magodoro. Kisha wakauliza watu wenyewe wako wapi.

Watu wenyewe walikuwa nyumbani kwetu, wakila ugali. Miaka yote ya utafiti wangu nilimhoji baba, naye alinijibu kama anayejaza fomu. Tulifukuzwa. Tulikaa kituo cha treni. Tulienda Kasai, tukarudi. Zaidi ya hapo alikuwa ananiuliza kama nimekula.

Jumapili ile niliketi mezani nikasoma sura yote ya baba. Baba alieleza jinsi majirani walivyosimama barabarani kuwatazama wakifungasha. Jinsi alivyochukua bisibisi akaung'oa mlango, kwa sababu aliupaka rangi kwa mkono wake na hakutaka mwingine aufunge. Pale kituoni, ambako familia zilingoja treni miezi na miezi, mlango ulikuwa kitanda, ulikuwa paa, siku moja ulikuwa machela. Aliupeleka Kasai. Aliurudisha. Na mwisho wa ukurasa, kwa Kifaransa safi cha mwenzangu, nilisoma kwamba mlango huo leo una miguu minne na ndio meza ya kulia ya familia.

Niliondoa kiwiko. Karibu na ukingo palikuwa na lile tundu la duara ambalo nililizungushia kidole utoto wangu wote nikifanya hesabu za shule. Lilikuwa tundu la kitasa. Mtu wa nje alilijua kabla yangu.

Nilimfuata baba uani.

"Tata, juu ya nini ulimwambia yeye, hapana mimi?"

Hakujifanya kutoelewa. "Yeye anaikala mule."

"Mule wapi?"

"Mu nyumba yetu ya Kapata. Tata yake alikuwa karani, kampuni njo ilimupatia. Banatoka kaskazini, balikuwa bangali bageni. Balimupatia ufunguo, nyumba haina mulango." Alicheka, kicheko ambacho sikukijua. "Ule mutoto alikomaa na mulango ya mabati. Akakuya huku, akaniuliza: tata, mulango ya kwetu ilienda wapi? Wewe ulikuyaka na maulizo ya mwaka na mwezi."

"Ungenisemea tu."

"Wewe ungelia. Angalia, unalia."

Sijui kama aliyekuwa na haki zaidi ya kuumia ni mimi niliyezaliwa baada ya treni, au yule aliyelala utotoni akisikia mabati yakigonga fremu isiyo yake. Kwa akili nilijua kwamba baba alichagua vema. Kwa moyo, nilitamani kitabu kile kiwe na kosa kubwa, na nikakipitia tena nikilitafuta.

Kosa alilipata mama. Kifaransa cha vitabu hakimwingii, kwa hiyo aliniomba nimsomee kwa Kiswahili. Leseni iliniruhusu, na sikuwa na namna ya kumnyima mama yangu. Nikaketi kuyatamka maneno ya mshindani wangu kwa lugha ya nyumbani, sentensi baada ya sentensi, nikiyatengeneza vizuri bila kupenda, huku mama akichambua mchicha.

"'Niliubeba mlango hadi kituoni,'" nilisoma.

"Nani alibeba?"

"Tata."

"Muongo! Batu bane njo balibeba. Yeye alikuwa mbele, anabasemea: polepole, rangi, rangi."

Nilicheka hadi nikashindwa kuendelea. Mama hakucheka. Aliuacha mchicha, akatazama mlangoni kuona kama baba yuko karibu, akaanza kunieleza kuhusu siku ile mlango ulipokuwa machela: ni nani aliyelazwa juu yake, na kilichofuata. Alizungumza muda mrefu. Kwa habari ile, hakuna mhakiki ambaye angeniuliza tena watu wako wapi.

Nilipounyoosha mkono kuchukua simu nimrekodi, aliukamata.

"Hapana. Hii si ya kutia mu internet. Nimekuambia wewe."

"Mama, hatutatia jina."

"Na tata yako balitia jina? Kwaya yote si balimujua?"

Niliiacha simu ilipokuwa. Nimeamini, na bado naamini, kwamba maarifa yanayotoka kwa watu hayana budi kurudi kwao wazi. Lakini mwenye habari alikuwa ameushika mkono wangu, na habari yenyewe inamhusu mtu ambaye watoto wake bado wanasali parokia ileile. Kwa sababu hiyo hata hapa naishia.

Wiki iliyofuata nilimkuta mwenzangu kwenye duka la fotokopi, Manika, ambako kijana wa mashine alikuwa akichapa sura za kitabu kwa wateja waliopanga foleni. Alinisalimu kwa furaha ya kweli. Ni mtu mwema, na hilo halinisaidii. Alisema wachapishaji wanakubali kuongeza sura kwenye kitabu cha mtandaoni, na kwamba anahitaji sauti za wanawake waliokaa kituoni.

"Banasema ulimusomea mama yako. Alisema nini?"

"Alisema unaandika muzuri."

"Njo byote?"

"Njo byote."

Alinitazama kidogo, kama mtu anayesikia kitu nyuma ya ukuta, kisha akanishukuru. Nilipanda pikipiki ya teksi kurudi nyumbani, nikiwa na habari ya mama, na furaha ambayo sina hoja yoyote ya kuitetea.