Mtamba wa Unga na Sukari

Nyumbani kwetu Bugarama, sherehe za kuzaliwa zilianza kwa sababu ya simu. Binti yetu mkubwa aliona kwenye simu ya mama yake keki yenye umbo la gari, akaniuliza kama fundi anayejenga nyumba anaweza kushindwa na gari la keki. Mimi ni fundi mwashi. Nilimjibu kwamba sijui, na kwangu jibu hilo huwa ni mwanzo wa kazi. Niliangalia video ileile mara nyingi, nikachora vipimo kwenye kipande cha boksi, nikanunua mwiko mpya ambao haujawahi kugusa saruji. Jumamosi tukaoka kwenye sufuria kubwa, mchanga chini yake na makaa juu ya mfuniko. Gari lile liliinamia upande wa kulia, lakini magurudumu yalikuwa manne na yote yalikuwa mviringo.

Tangu hapo kila mtoto ana siku yake na umbo lake. Tumekula kanisa lenye mnara. Tumekula redio. Tumekula kuku ambaye majirani walidhani ni boga, na hatukuwasahihisha. Mke wangu ndiye anayechanganya unga, majarini na mayai, kwa sababu mkono wake unajua uzito bila mizani. Mimi nakata, nasimamisha na kupaka. Yeye hukaa mlangoni akinitazama ninavyoweka pima maji juu ya keki.

"Baba watoto, hiyo ni keki au ni msingi wa nyumba?"

"Keki isiyo na msingi huanguka."

"Basi usisahau nondo."

Nondo naweka kweli. Ni vijiti vya mianzi.

Mama yangu mzazi anaishi nasi. Siku za sherehe alikuwa anapokea kipande chake, anasema ni kitamu, ananawa mikono, kisha anakwenda nyuma ya nyumba kumwangalia ng'ombe wake. Keki kwake ilikuwa mchezo wa wajukuu. Ng'ombe ndiye alikuwa jambo la kweli.

Ng'ombe huyo alikuja kwa njia ninayoikumbuka vizuri. Mama na rafiki yake mmoja walivuka kutoka Burundi wakiwa wasichana, wakaolewa upande huu. Mama akaja huku, rafiki yake akaenda Keza. Baba alipofariki, rafiki huyo alikuja kwa miguu akiongoza mtamba, yaani ng'ombe jike ambaye hajazaa bado. Alimfunga kwenye mgomba, akakaa na mama karibu siku nzima bila maneno mengi, akaondoka. Watoto wangu wote wamekua kwa maziwa ya ng'ombe yule.

Kwa watu wa mama, ng'ombe wa kupewa ana sheria mbili ambazo mtu huzijua bila kufundishwa. Ya kwanza, hachinjwi wala hauzwi. Ya pili, siku moja uzao wake urudi kwa aliyempa, mtamba kwa mtamba. Hakuna anayekuja kudai. Ni namna ya kusema asante, na asante ambayo haijasemwa hukaa kifuani. Sasa ng'ombe wa mama alizaa madume matupu. Ndama jike alipatikana mmoja tu, naye akafa kwa ugonjwa wa ndigana kabla hajaota pembe. Mama alikuwa akisema, "Tusubiri, atazaa mwingine," na rafiki yake alikuwa akicheka na kumjibu kwamba hata madume wana mama zao.

Kiangazi cha mwaka jana ng'ombe mwenyewe alilala asiinuke tena. Ulikuwa uzee. Tulimfukia nyuma ya mibuni. Tangu siku hiyo mama hakukanyaga Keza. Zamani hakupitisha mwezi bila kwenda, na sasa kila rafiki yake alipopiga simu alijibiwa kwamba magoti yanasumbua. Magoti hayakuwa na shida yoyote. Nilimwona mara nyingi akipanda mlima na mzigo wa kuni kichwani. Alikuwa anaona haya. Wale wanawake wawili walikuwa wanazeeka, mmoja huku na mmoja kule, na katikati yao alisimama mtamba ambaye hakuzaliwa.

Jambo hili lilinisumbua kuliko nilivyoonyesha. Kununua mtamba sokoni nilishafikiria, na mama alikataa kabla sijamaliza sentensi. Wa sokoni si uzao wa yule, alisema, na asante ya kununuliwa ni ya mwenye duka.

Mwaka huu, tukiwa tunapepeta maharage, kitinda mimba wetu alimuuliza bibi yake, "Bibi, wewe siku yako ni lini?"

"Mimi sina siku. Nilizaliwa tu."

"Kila mtu ana siku."

"Basi nilizaliwa wakati kama huu. Mama yangu aliacha ungo wa maharage, akaingia ndani, akarudi na mimi."

Mtoto akanigeukia. "Baba, ni sasa."

Tulichagua Jumapili baada ya kumaliza kupepeta. Umbo halikuhitaji mjadala. Watoto wote walisema ng'ombe wa bibi. Mimi niliona hapo nafasi. Nilidhani mama akimwona ng'ombe wake tena, akacheka kidogo na kula kidogo, kile kifua kingefunguka. Mke wangu alishauri ng'ombe alale chini, maana miguu ya keki ni hatari. Nilikataa. Yule alikufa akiwa amelala. Huyu atasimama.

Nilifanya kazi ile kwa uangalifu kuliko nyumba nyingi. Miguu ilikuwa nguzo nne za keki zenye mianzi ndani. Rangi niliipata kwa kakao na maji kidogo ya bitiruti, mpaka ikawa na wekundu uleule wa udongo wetu. Kwenye paji la uso nikaweka baka jeupe la krimu. Pembe ndefu nilizichonga kwa muhogo, na ya kushoto nikaivunja ncha, kwa sababu ng'ombe yule alivunja yake alipopigana na mti. Kiwele nikakifanya kikubwa, chenye chuchu nne. Nikamsimamisha kwenye kibao chembamba, na kibao juu ya keki nyingine pana iliyopakwa krimu ya kijani, iwe malisho. Timazi ilionyesha amesimama sawa.

Jumapili walikuja majirani wachache baada ya ibada. Tulisali, tukaimba, tukafunua kitambaa. Mama alisogea karibu. Aliangalia baka la usoni, akaangalia pembe iliyovunjika, akagusa meza badala ya kugusa keki. Mtoto akampa kisu.

"Cha nini?"

"Unakata, Bibi. Kila mtu hukata yake."

Mama alikiweka kisu mezani polepole, makali yakielekea ukutani.

"Nani alikuambieni ng'ombe wa kupewa anachinjwa?"

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeuliza mlango uko wapi. Majirani wote walikuwa watu wanaoijua sheria ile, kwa hiyo hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimepima urefu wa pembe, unene wa miguu na uzito wa kiwele, nikasahau kitu ambacho nilikijua tangu nikiwa mtoto. Na kadiri nilivyomfananisha vizuri, ndivyo nilivyozidi kuharibu. Angekuwa kama yule kuku aliyefanana na boga, tungeshamla.

Mke wangu alinitazama. Mimi nilitazama pima maji.

Mama mwenyewe ndiye aliyetuokoa. "Majani yaleni," alisema. "Ng'ombe mwacheni."

Basi nikamwinua ng'ombe na kibao chake, nikamweka kabatini, na tukala malisho. Yalitosha watu wote. Kitinda mimba akiwa na midomo ya kijani akauliza, "Bibi, sasa mimi nakula nyasi?"

"Kula. Tutakukamua kesho."

Watu wakacheka, lakini mama hakula. Alikaa akiangalia kabati, nami nikaamini kwamba nilichokifanya ni kumwonyesha upya alichokipoteza, tena mbele ya wageni.

Asubuhi nilimkuta ameshafungua kabati, ameketi mbele ya ng'ombe na kikombe cha chai.

"Mwanangu, pembe hii unaweza kuirekebisha?"

"Naweza kuchonga nyingine."

"Chonga zote mbili, na ziwe fupi. Huyu pembe zake ni za mtu mzima." Akanywa chai. "Na kiwele kipunguze. Mtamba hana kiwele kama hiki."

Sikuelewa mara moja. Nilielewa nilipoona ameweka boksi tupu karibu na mlango na kulitandika majani makavu ya mgomba.

"Mama, unataka nimpeleke Keza?"

"Yule hakuzaa jike. Lakini huyu umemfanya kwa sura ya yule, ndani ya nyumba iliyokunywa maziwa ya yule. Kama si uzao, ni nini?" Kisha akaongeza, "Na hajanunuliwa."

Sikubishana. Nilichukua mwiko, nikakata kiwele, nikapaka upya, nikachonga pembe fupi zisizo na kasoro. Mke wangu alipita akasimama. "Baba watoto, nimeona watu wakizeeka. Sijawahi kuona ng'ombe akirudi ujana." Mama alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, lakini nilikisikia.

Nilipanda bodaboda nikiwa nimelipakata boksi. Dereva alipoambiwa aendeshe taratibu kwa sababu kuna ng'ombe, alisema, "Mzee, ng'ombe wako ni mpole sana. Wa kwetu wangekuwa wameshapiga kelele." Alikuwa mtu makini, aliyakwepa mashimo yote aliyoyaona. Lile ambalo hakuliona lilikuwa bondeni, chini ya maji ya mvua iliyonyesha nje ya msimu. Tuliruka kidogo tu. Nilisikia ndani ya boksi sauti ndogo, kama kijiti kinachovunjika.

Sikufungua. Nilikwenda mpaka Keza nikiwa nimelishika boksi vilevile, nikitunga maneno ya kuomba radhi.

Rafiki yake mama alikuwa anaanika maharage uani. "Shikamoo, mama," nilimsalimu.

"Marahaba, mwanangu. Mama yako na magoti yake hawajambo?"

"Hawajambo. Amenituma. Amesema nikuletee mtamba."

Alinitazama, akatazama bodaboda, akatazama boksi. Niliweka boksi juu ya mkeka na kulifungua. Mguu wa mbele wa kulia ulikuwa umekatika, na mtamba amelalia bega, pembe zake nzima, baka lake jeupe likiwa na majani makavu.

Yule mama alipiga magoti. Kwanza aliinua mkia kwa kidole kimoja akachungulia chini, kama wanavyofanya watu mnadani. "Jike," alisema. Akagusa pale nilipopunguza kiwele. "Hajazaa." Akamtazama usoni muda mrefu, na nikajua amemfahamu, kwa sababu baka lile lilikuwa la ng'ombe aliyemwongoza kwa mkono wake mwenyewe.

"Alivunjika njiani, mama," nilisema. "Ni barabara. Nakuomba radhi."

"Mwanangu, ng'ombe aliyevunjika mguu anapona?"

"Haponi."

"Anafanywaje?"

Hakusubiri jibu. Aliwaita wajukuu wake kwa sauti iliyofika mpaka kwa jirani. "Leteni kisu. Tumepata mtamba kutoka Bugarama na amevunjika mguu. Hakuna la kufanya ila kumchinja."

Alimgawa kama ng'ombe anavyogawanywa: mbavu kwa mzee jirani, paja kwa watoto, mguu uliovunjika kwa dereva wa bodaboda, kwa sababu, alisema, kila mtu ale kazi ya mikono yake. Mimi nilipewa kipande cha bega. Kilikuwa kimekauka kidogo pembeni, lakini kilikuwa keki nzuri, na nilikila nikiwa na shukrani ambazo sikujua nizielekeze kwa nani kwanza. Kichwa chenye pembe alikiweka kwenye sahani, akakifunika kwa bakuli.

"Hicho nimpelekee mama?" niliuliza.

"Hicho hakitoki hapa. Kichwa ni cha mwenye ng'ombe, na mwenye ng'ombe hufuata kichwa kwa miguu yake. Mwambie asichelewe, kina krimu."

Nilirudi nikamwambia mama kila kitu kwa mpangilio: shimo, sauti, mkia, kisu, mgawanyo. Alinisimamisha mara moja tu.

"Alisema jike?"

"Alisema jike."

Kesho yake mapema alitoka chumbani amevaa kitenge chake kipya. Mke wangu akamuuliza, "Mama, na magoti?"

"Magoti gani?" alijibu, akaenda zake.

Alirudi jioni, na krimu nyeupe kidogo kwenye ukosi. Walikuwa wamekula kichwa wao wawili, alisema, na pembe za muhogo wamezichemsha. Aliketi, akavua viatu, akaniita.

"Mwenzangu naye hajui siku yake. Tumempa moja, baada ya mavuno ya mahindi. Anataka ndama."

"Dume au jike?" niliuliza, nikitafuta kipande cha boksi cha kuchorea.

Mama alinitazama kwa huruma, kama mtu aliyelea mtoto kwa maziwa mengi bila faida.