Nyumba Sita za Mtaa Wetu

Binti wa maji alipokuja kuhesabu nyumba za mtaa wetu huku Mkonze, nilimpokea kama ninavyopokea mteja wangu wa mitumba: kwa tabasamu, na bei isiyo ya kweli.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Unahesabu za nini?"

"Mpango wa maji safi na majitaka. Tunataka kujua mabomba yajengwe wapi."

Waliohesabu kabla yake walipiga alama nyekundu ukutani, na baada ya alama likaja tingatinga. Sisi tulijenga kwanza, upimaji tukauacha uje wenyewe, kwa hiyo mtu mwenye kishikwambi tunamshushia hesabu. Nikamwambia ile ya nyuma ni banda la kuku. Ya jirani, stoo ya alizeti. Za bondeni zote magofu. Wapangaji wangu walikuwa ndani ya hilo banda, wametulia kuliko kuku wenyewe.

Nyumba kumi na tisa zikashuka mpaka sita.

"Sita tu, baba?"

"Sita. Na moja inavuja."

Jioni nilipita mlango kwa mlango kupokea pongezi.

Miaka ikaenda. Mke wangu nyonga ikamgomea. Daktari akamkataza kubeba ndoo, lakini kioski cha maji hakikuhama, kiko kulekule ng'ambo ya reli. Mgongo wangu nao ni wa mtumba. Tukawa tunaishi kwa neno moja: bomba likija. Kwa hiyo ramani ya mpango ilipobandikwa ofisi ya kata, tulikwenda wote wawili, yeye na mkongojo.

Mstari wa buluu, wa maji safi, ulikuja vizuri mpaka zahanati, kisha ukakata kona na kutuacha. Wa kahawia, wa majitaka, ulipita katikati ya mtaa wetu ukielekea mabwawani. Nikaifuata ile mistari kwa kidole, nikarudia.

"Kumbe maji yanakuja," mke wangu akasema. "Wenzetu wakishaoga."

Binti alikuwa palepale mezani. Akanitambua. "Shikamoo baba wa nyumba sita."

"Marahaba. Mwanangu, weka hata kumi na mbili, tupatane."

"Baba, hapa si mnadani. Fedha za awamu hii zimekwenda kwenye mitaa yenye kaya nyingi. Nyumba sita hazivuti bomba."

Nikamtazama mke wangu. Alikuwa ameegemea ukuta, chini ya ramani, amefumba macho.

"Lile banda la kuku," nikasema, "lina watu."

"Kuku wangapi?"

"Kaya nne."

Hakucheka. Alivuta pumzi, akanipa fomu: kila mwenye nyumba ajiandikishe na kusaini, labda tuingie awamu ya pili. Lini? Hilo halikuwa na safu kwenye fomu.

Nikarudi kwenye milango ileile, safari hii kuomba watu wakubali kuwa wapo. Kwa kila mmoja nilianza na maneno machungu: nilikosea mimi. Jirani yangu, Mrangi wa Kondoa, alinisikiliza mpaka mwisho huku akipepeta alizeti.

"Si ulisema mimi ni stoo?"

"Nilisema."

"Basi stoo haisaini."

Aliniacha nisimame pale mpaka akamaliza ungo wake wa tatu. Ndipo akapangusa mikono, akasaini. Saini zikatimia kumi na tisa. Nikazihesabu mara mbili, nikazipeleka.

Niliporudi nyumbani mke wangu alikuwa ameketi mlangoni.

"Awamu ya pili ni lini?"

"Hawajasema."

Akazisukuma ndoo mbili kwa ncha ya mkongojo mpaka miguuni kwangu. Nikaziokota. Nikavuka reli, nikasimama kwenye foleni. Mbele yangu walikuwa watu ishirini na mmoja. Nikahesabu tena. Ishirini na wawili. Mmoja alikuwa amechuchumaa.