Nyumba Isiyo na Paa Iliyotuambia Tusubiri

Sikuapii. Niamini tu kwa sababu mimi si mtu wa kusimulia mambo. Shuleni kwetu Irving, hapa Texas, mwalimu akilitaja jina langu, masikio yananiwaka moto na jibu ninalolijua linanikwama kooni. Mtu kama mimi atunge uongo wa nini, tena uongo wenye wazazi wake ndani? Haya yalitokea mchana, jua kali, na tuliosikia tulikuwa watatu.

Ilikuwa likizo ya Machi, mwaka 2018. Baba alikuwa anaishi Houston, kule Sharpstown, kwenye fleti aliyochangia na Watanzania wenzake. Mimi na Mama tulikuwa Irving, karibu na uwanja wa ndege. Mwanzoni walisema ni kazi tu, Baba amepata kazi nzuri, atakuwa anakuja kila wikiendi. Na kweli akawa anakuja. Halafu akawa anakuja mara moja moja. Halafu ikabaki simu. Halafu hata simu ikawa ya kutafutwa.

Mama ni nesi. Rafiki yake mkubwa ni Mama Wanjiru, Mkenya wa DeSoto, nesi mwenzake, mwanamke anayecheka mpaka wagonjwa wanacheka bila kujua wanacheka nini. Yeye ndiye aliyewapangia safari. Alisema nyinyi hamkuwahi kukaa fungate, bwana harusi alipanda ndege wiki ile ile, sasa nendeni huko magharibi jangwani, kwenye makorongo na vile vimji vya watalii, mkakae kama maharusi. "Na mkirudi bado mmenuniana," akamwambia Mama, "haki nitawarudisha huko na miguu."

Mama alicheka. Lakini baadaye nilimsikia jikoni akiongea naye kwenye simu kwa sauti ya chini: "Nikiona mambo ni yale yale, dada, tukirudi tunaachana."

Basi safari nzima nilikaa kiti cha nyuma na neno hilo mapajani, kama mtu aliyepakatishwa sufuria ya mchuzi kwenye gari. Kwa nini walinichukua kwenye fungate yao? Mama alisema hana wa kumwachia. Mimi nadhani waliogopa kubaki wawili.

Texas haiishi, wewe. Tuliendesha kutwa nzima. Tulipita mashine za mafuta zinazoinama na kuinuka kama kuku wanaodonoa, tukapita miji yenye taa moja ya barabarani, na mazungumzo yalikuwa: maji yapo? Yapo. Nipunguze AC? Iache tu. Kwenye kimji kimoja, chenye duka la mawe ya rangi na mipungate iliyopandwa kwenye makopo, Baba alijaribu kofia kubwa ya mchunga ng'ombe. Mama akatabasamu kidogo, akatoa simu apige picha, kisha akaniambia nisimame na Baba. Ukiziangalia picha zote za safari ile, mimi nipo katikati.

Kesho yake tukaenda korongoni. Unaacha gari, unavuka mto mkavu, mchanga mtupu na mawe, halafu njia inapanda mpaka unaingia kati ya kuta mbili za mwamba zilizo ndefu kuliko maghorofa ya Dallas. Ni pazuri. Ni pazuri mpaka unaona aibu kuwa na huzuni. Na humo humo ndani, Mama aliyatoa ya moyoni. Hakupiga kelele. Alisema, "Baba fulani, mimi nimechoka kuolewa na simu. Tena simu yenyewe hailii." Alimwita kwa jina langu, kama anavyomwita siku zote, na mimi nilikuwa pale pale nikijifanya nasoma bango la watalii.

Baba aligeuka akaanza kurudi kwenye gari, haraka, mikono mifukoni.

Sasa, kabla ya kufika mtoni kuna nyumba. Nasema nyumba, lakini ni kuta za udongo tu, paa lilishaondoka, mlango wa mbao umebaki umeegama. Kokoto ilikuwa imeingia kwenye kiatu cha Mama, akasogea pale kivulini aitoe. Na hapa lazima nikwambie jambo kuhusu Mama. Yeye hapiti kwenye mlango bila kupiga hodi. Hata nyumba iwe tupu. Tulipohamia fleti yetu ya Irving, funguo anazo mkononi, vyumba havina hata kijiko, alisimama nje akapiga hodi, akasubiri, ndipo akaingia. Mimi nilitamani kujificha kwa sababu majirani walikuwa wanatuangalia. Baba alikuwa akimtania sana kwa hilo, enzi zile bado wanataniana. Alikuwa akimuuliza, je, wenyeji wamejibu?

Basi Mama akafika kwenye ule mlango, na kwa mazoea tu akasema, "Hodi hapa."

Sauti ikajibu kutoka ndani. "Karibuni. Subirini kidogo, nafagia."

Kwa Kiswahili. Sauti ya mwanamke, ya mtu mzima, haina haraka. Na kweli tukasikia fagio, shwaa, shwaa, la makuti ya kwetu, si la plastiki.

Unafikiri tulikimbia? Wala. Hapo ndipo mtu anaposhangaa nikimsimulia. Baba alikuwa ameshateremka mtoni, miguu iko mchangani, akasikia na yeye akarudi. Kwetu sisi ukishapiga hodi na mwenyeji akakwambia subiri, huondoki. Ni tusi kubwa kuondoka. Mama akamnong'oneza kwamba ni Mswahili mwenzetu, huku jangwani anafanya nini? Baba akasema labda ana bwana dereva wa malori, hao wapo kila mahali. Walikuwa wananong'ona vichwa vimekaribiana. Sikuwa nimewaona hivyo muda mrefu.

Kulikuwa na jiwe pana mbele ya mlango. Wakakaa. Mama akanigusa kwa kiwiko, kama anavyonigusa kwenye harusi na misiba yote ya Dallas na Houston: salimia.

Mimi hujibu kila kitu kwa Kiingereza, hata nikisemeshwa Kiswahili. Na aibu yangu unaijua. Lakini siku ile maneno yalitoka yenyewe, madogo. "Shikamoo."

Fagio likanyamaza. "Marahaba, mjukuu wangu. Umekua."

Kisha likaendelea, shwaa, shwaa.

Nilimwangalia Baba. Alikuwa ameshika magoti yake kwa mikono yote miwili, anautazama mlango, na machozi yanamtoka bila uso kubadilika. Halafu, bila kumwangalia Mama, akaanza kusema. Bibi yangu mzaa baba alifariki Tanga mwaka mmoja kabla, na Baba hakwenda kumzika. Karatasi zake zilikuwa hazijakamilika, angetoka asingeruhusiwa kurudi. Hilo tulilijua. Tusilolijua ni hili alilolisema pale.

"Mama nilimzika kwenye simu," alisema. "Walinionyesha kaburi, mtandao ukakatika, ukarudi, wameshafukia. Tangu siku ile nikiishika simu niwapigie, mkono unakufa ganzi."

Mama alivua mtandio wake akampa afute uso.

Hapo ndipo tuliposikia mngurumo. Nilidhani ni treni. Juu yetu mbingu ilikuwa safi kabisa, lakini mbali, nyuma ya milima, kumbe mvua ilikuwa imeshanyesha. Maji yakaja mtoni kama ukuta, ya rangi ya chai ya maziwa, yamebeba magogo na mawe, yakapita pale pale Baba alipokuwa amesimama. Mimi ningekuwa nyuma yake. Mama angekuwa nyuma yangu. Sisi sote watatu tungekuwa katikati ya mchanga ule.

Yalipopungua kelele, tukagundua fagio halisikiki. Mama akasimama. "Hodi, mwenye nyumba," akasema. Kimya. Akausukuma mlango kwa kidole.

Ndani hamkuwa na mtu. Hamkuwa na paa, hamkuwa na dirisha la kutokea. Chini ni mchanga, na mchanga ule ulikuwa umefagiwa, ile mistari ya fagio iliyopindana kama uani kwa mtu asubuhi, kutoka ukuta mpaka ukuta. Na hamkuwa na unyayo hata mmoja.

Hatukuingia. Hakutuambia tupite. Mama alitoa chapati zilizobaki kwenye foili, akaziweka kizingitini, akasema ahsante, tumeshafika, tumeshapokelewa. Baba akaweka chupa ya maji. Jioni mfanyakazi wa hifadhi alikuja na gari refu akatuvusha, na Baba akamuuliza nani anaishi kwenye ile nyumba. Akacheka. Alisema tangu aanze kazi pale hajaona hata ndege akijenga kiota mle.

Kwenye moteli, wakati wa chai ya asubuhi, Baba alituambia jambo moja tu. "Mama yangu hakuwa anafungua mlango kabla hajafagia. Wageni walikuwa wanachomwa na jua pale nje." Akacheka. Mama naye akacheka, akamsogezea sukari.

Hawakuachana. Kabla ya shule kufungwa Baba alirudi Irving, akapata kazi uwanja wa ndege, si nzuri kama ile ya Houston. Mama Wanjiru anasema mpango ni wake na anadai mbuzi. Na ulipokuja mwaka 2020, watu wamejifungia majumbani, Baba amesimamishwa kazi, Mama anarudi kutoka hospitali amechoka na ana hofu ya kutuambukiza, tulikuwa watatu chini ya paa moja. Nilikuwa namshukuru Mungu kila siku, kisha namshukuru na yule aliyefagia.

Kwa hiyo wewe unayenisoma, cheka ukitaka, lakini shika hili. Ukifika penye mlango, hata kama nyumba haina paa, piga hodi. Ukiambiwa usubiri, kaa chini usubiri, na uliye naye usimnyamazie.

Mama anapotoka zamu ya usiku, nasikia funguo zikilia mfukoni mwake nje. Hazitumii. Anapiga hodi. Na Baba, aliyeamka mapema makusudi, anamjibu kutoka ndani: "Subiri kidogo, nafagia."