Rangi Nyekundu Kwenye Podo

Juzi niliona alama ya X nyekundu kwenye ukuta wa jirani yetu hapa Kamwokya. Rangi ilikuwa bado mbichi, na harufu yake ikanirudisha kwenye msitu mdogo wa miti ya podo alikonipeleka baba alasiri moja.

Baba alikuwa akiwatafutia watafiti miti bora ya kuchukulia mbegu. Alichagua mmoja, mrefu na ulionyooka, akauzungushia rangi nyekundu. Niliangua kilio. Kwetu, ukuta ukipakwa rangi ile, tingatinga linafuata.

“Wacha kulia, mwanangu,” baba alisema akicheka. “Hii ndiyo tunataka ibaki. Hakuna mtu atakata.”

Nikatulia. Bondeni msumeno wa mashine ulinguruma, na upepo ulileta harufu ya mbao mbichi. Sikuwaza kuuliza kuhusu ile mingine, isiyopakwa.

Siku hizi kazi ya baba naifanya mimi. Najua kwamba podo jike hauzai mbegu bila dume karibu. Mti wa baba ni jike, nao umesimama peke yake katikati ya nyumba zilizojengwa msitu ulipokatwa. Kila msimu naupaka rangi upya, kisha nainua macho kutafuta mbegu matawini. Ni majani tu.