Damu Moja, Figo Mbalimbali

Ndogo yangu, mwenye kuniita yaya kwa sababu nilimutangulia kuzaliwa, alifika kutoka Sakania, miguu imevimba, akakaa kwenye kiti changu bila kuuliza, akanyosha mukono.

«Yaya, damu yangu inapanda, unipe dawa yako ya tansio.»

«Iko yako?»

«Mama moja, tumbo moja, damu moja. Kama inakusaidia weye, itanisaidia na miye.»

Hivi njo tunasemaka kwetu: damu moja. Muntu akiugua, ndugu yake anatoa vidonge vyake na bote banaona ni mapendo. Na kweli, dawa yangu ilinifaa. Kichwa kiliacha kugonga, na mpaka leo ninazunguka mtaa wetu wa Bel-Air kwa miguu yangu. Lakini mimi sigawe dawa kama chumvi. Nilifunga pakiti mu pembe ya kitenge changu, nikakaza fundo.

«Unaninyima?»

«Ninakunyima. Tungojee mujukuu wangu.»

Mujukuu huyo ni binti wa mutoto wangu wa kwanza. Anasomea hesabu za takwimu ku univerisite, na kazi yake ni kuhesabia banganga ba hospitali: dawa gani inasaidia nani. Alipofika jioni nilikuwa ninapika sombe, majani ya muhogo. Ndogo yangu akanishitaki kwake mara moja; kwetu nyanya na ndugu ya nyanya, bote ni kambo.

«Kambo wako ananinyima dawa. Weye unajua mahesabu, umuambie. Ile dawa haisaidie bantu?»

«Kwa ujumla inasaidia, kambo. Lakini hakuna mugonjwa mwenye jina la Ujumla. Sisi tunauliza, kwa mufano: kwa wenye figo nzuri, inashusha tansio namna gani? Kwa wenye figo mbaya, namna gani?»

«Basi,» ndogo yangu akasema, «mukiona huku imesaidia na kule hapana, kazi imeisha.»

«Haijaisha. Kama kule bagonjwa ni kidogo, hata dawa nzuri inaweza kuonekana bure. Tunapima tofauti yenyewe, ya huku na kule. Kama tofauti haisimame, inaweza kuwa bahati tu, hatusemi kitu.»

Mimi nikauliza kabla sufuria haijachemka: «Na mukibakata bagonjwa vipande vipande mu mahesabu? Bazee, banene, ba Sakania, ba Mitwaba?»

Akacheka. «Ukikata sana, kambo, hautakosa kipande kimoja chenye dawa inang'aa. Ni bahati tu. Njo maana tunasema mapema tutakata wapi, na kwa sababu gani, mbele ya kuangalia.»

Hapo nilielewa vizuri. Sombe yangu nilikuwa nimeitia chumvi na sijaikoroga. Ukionja kila fasi ya sufuria, utapata kijiko kimoja kikali. Hautasema sufuria yote ni chumvi.

Ndogo yangu hakucheka. Aliangalia miguu yake.

«Na miye niko kipande gani?»

«Ile siwezi kusema. Mimi ninahesabia bantu bengi, munganga anaangalia muntu moja. Lakini miguu imevimba hivi; figo zako zilipimwa?»

«Miye ninapimaka unga ku soko. Figo nizipimie wapi?»

Alisema kwa mzaha, lakini sauti yake ilipungua. Aliogopa kufa, na mimi niliogopa pamoja naye. Nikamuambia: «Kesho asubuhi tunaenda. Na usijaribu kubisha.»

Alibisha mpaka mulangoni mwa kliniki, hata hivyo alienda. Balimutoa damu, bakapima. Figo zilikuwa zimechoka. Munganga aliangalia pakiti yangu na akaisukuma pembeni: kwa muntu mwenye figo kama hizi, alisema, ile dawa inataka uangalifu mwingi, na kipimo ninachokunywa mimi hakimufai. Akamuandikia dawa ingine, akamupunguzia chumvi, akamuambia arudi kupimwa.

Ndogo yangu alikasirikia kukosa chumvi kuliko figo. Alikula sombe yangu kama muntu anayekula karatasi. Lakini tansio ilishuka, na siku moja viatu vyake vya kanisa viliingia bila kusukumwa. Alitembea navyo mu nyumba yote, tok tok tok, ili nimusikie.

Sasa asubuhi tunakunywa dawa pamoja, kila mumoja na yake. Juzi nilivuta pakiti yake nipanguse meza, akanipiga ku mukono.

«Yaya, acha! Damu ni moja, lakini figo ni za kwangu.»

Nikamuachia pakiti yake. Nilipangusa upande wangu.